Chenji Inayozidi Bei

Maneno yana tabia ya kutulaza usingizi. Jambo zito likipewa jina jepesi, uzito wake hutoweka masikioni, na baada ya muda hatulioni tena. Katika insha hii nakusudia kulihakiki neno moja, kama mhakiki wa ushairi anavyokaa na neno moja la ubeti mpaka aone linafanya kazi gani pale lilipo. Neno lenyewe ni "chenji", katika msemo "chenji ya rada". Msemo huu ulivuma nchini kati ya mwaka 2010 na 2012. Magazeti yaliuandika, wabunge waliutamka mbele ya Spika, na huku kwetu Karatu watu waliutumia vijiweni na mnadani bila kuuliza umetoka wapi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Somo nililofundisha kwa miaka mingi ni hesabu, na ndani yake hesabu za duka. Chenji, basi, ni neno la kazi yangu, na sipendi kuliona limebebeshwa mzigo usio wake.

Tuanze na habari yenyewe, kwa faida ya vijana waliokuwa wadogo. Serikali yetu ilikubaliana na kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems, kununua mfumo wa rada kwa pauni milioni 28, yaani karibu dola milioni 40 za Marekani, kwa fedha za mkopo wa benki ya Barclays. Rada ilielezwa kuwa ya jeshi, lakini pia ya kuongoza ndege za abiria. Desemba 2001 serikali ya Uingereza ikatoa kibali cha kuiuza. Mwaka 2002 wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, walioombwa ushauri na Benki ya Dunia, wakasema kwa shughuli za kiraia mfumo ule haukutosheleza, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Baadaye wachunguzi wa Uingereza wakaingia kazini. Tarehe 21 Desemba 2010, katika Mahakama ya Southwark mjini London, kampuni ilitozwa faini ya pauni 500,000 baada ya kukiri kosa moja, nalo ni kutotunza kumbukumbu za hesabu zake ipasavyo. Isitoshe, kampuni ilikuwa imekubali kutoa jumla ya pauni milioni 30. Toa faini, zinabaki milioni 29.5. Hizo ndizo zilizoletwa nchini mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za msingi, na hizo ndizo tulizoziita chenji.

Sasa tufanye hesabu. Juma ametumwa dukani na shilingi 28. Amerudi na bidhaa aliyotumwa, na mkononi ana chenji ya shilingi 29 na senti 50. Mtoto yeyote wa darasa la tatu ataniambia, "Mwalimu, swali lako lina kosa." Naam, lina kosa. Chenji haiwezi kuzidi fedha uliyotoa, wala duka lenye akili timamu halikupi bidhaa bure na nauli ya kurudi nyumbani juu yake. Fedha zile zilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Zilitoka kwa mshtakiwa, kwa makubaliano na waendesha mashtaka wa nchi yake, katika kesi ambayo sisi wenye hasara hatukuifungua.

Je, kuna ubaya gani kama wananchi wamechagua neno rahisi? Ubaya upo. Chenji ni neno la biashara iliyokwenda salama. Linasema kwamba mnunuzi alijua bei, akatoa noti kubwa, muuzaji mwaminifu akahesabu, akarudisha kilichozidi. Katika picha hiyo hakuna aliyekosa. Neno linafuta swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza: nani alikubali bei ile, na kwa niaba ya nani? Linatufanya tushangilie marudisho na kusahau manunuzi.

Tazama lile ambalo neno hilo lilifunika. Kwa maelezo yaliyotolewa mahakamani, kati ya mwaka 2000 na 2005 kampuni ililipa kama dola milioni 12.4 kwa kampuni mbili za dalali wake wa hapa nchini, na fungu lililokubaliwa lingeweza kufika asilimia 31 ya bei ya mkataba. Mahakama haikueleza fedha zile ziliishia mikononi mwa nani. Lakini jaji hakusita kusema kwamba mtu atakayeamini kuwa dalali yule alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri ni mtu wa kuamini chochote.

Msomaji wa kwetu anawajua madalali. Nenda Mang'ola, katika Bonde la Eyasi, wakati wa mavuno ya vitunguu. Mkulima analalamikia lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ile ile. Analalamika kwa sababu gunia analiona, anaweza kulipima, na anajua ni debe ngapi zimezidi. Dalali wa vitunguu akidai 31 katika kila mia, hatamaliza msimu. Rada nayo ilikuwa lumbesa, ila ilishonwa mbali, na sisi tuliokuwa tunalipa hatukuonyeshwa gunia. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ajabu ni kwamba kosa lililokiriwa London lilikuwa ndilo hilo la daftari.

Basi nani aliuliza? Hapa ndipo moyo unaponiuma. Waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga mauzo yale ndani ya serikali yake mwenyewe, na mwaka 2002 alizuia kwa muda pauni milioni 10 za msaada kwetu akitaka maelezo. Waziri Mkuu wake, Tony Blair, ndiye aliyeyaruhusu. Suala lilijadiliwa katika Bunge lao, na mwaka 2011 kamati ya Bunge hilo inayohusika na maendeleo ya kimataifa iliwaita wakuu wa kampuni, ikawauliza kwa nini fedha zilizoahidiwa zilikuwa hazijalipwa. Mwaka huo huo ujumbe wa wabunge wetu, ukiongozwa na Naibu Spika wa wakati ule, marehemu Job Ndugai, ulikwenda London kuzidai. Walifanya vyema, na nawapa heshima yao. Lakini ni safari ya kudai baada ya mambo kuharibika. Mimi niliyekuwa nikifuatilia Bunge kwa redio, bei ya rada niliisikia kwanza ikitajwa kutoka London, si kutoka Dodoma.

Wala si kwamba Bunge letu halina mamlaka. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na haisemi "isipokuwa Jeshi". Kila mwaka Waziri wa Ulinzi husimama Dodoma na kuomba fedha katika mafungu matatu: la Ngome, la Jeshi la Kujenga Taifa na la Wizara yenyewe. Kwa mwaka 2024/25 ombi lilipita shilingi trilioni 3. Ipo kamati inayoshughulikia ulinzi na usalama, ipo Kamati ya Hesabu za Serikali, yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Vyombo vipo, kama jembe lililotundikwa ukutani. Swali ni nani analishika.

Badala ya kushika jembe tulipewa maneno. Wakati wa ununuzi wa ndege ya Rais, mapema miaka ya 2000, yalienea maneno aliyonukuliwa Waziri wa Fedha, kwamba hata ikibidi kula majani ndege itanunuliwa. Mwaka 2008 ziliporipotiwa habari za zaidi ya dola milioni moja katika akaunti huko Jersey, mwenye akaunti, waziri aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati wa mkataba wa rada, aliziita "vijisenti". Alijiuzulu uwaziri Aprili mwaka huo. Ni haki kusema kwamba alikana fedha zile kuhusika na rada, na hakuhukumiwa kwa jambo hilo. Mimi nahakiki neno lake tu. Mnyambuo wa kudunisha, vi-ji-senti, unafanya kazi ile ile ya "chenji": unafinyanga milioni mpaka zitoshe kwenye kiganja. Majani, vijisenti, chenji. Ukiyapanga pamoja utaona ni ukoo mmoja wa maneno, na kila moja linamwambia mwananchi kwamba hesabu hii si ya kwake.

Wilaya yetu ina nafasi ya pekee katika habari hii, kwa kuwa kuanzia 1995 hadi 2010 Mbunge wa Karatu alikuwa Dk. Willibrod Slaa. Mengi yamesemwa juu yake tangu alipoondoka Bungeni, na hayo sina haja nayo hapa. Katika miaka ile alitufundisha, sisi wa huku juu, kwamba mbunge anaweza kusimama akiwa na karatasi mkononi na kuuliza fedha imekwenda wapi. Septemba 2007 alisoma orodha yake ya majina kumi na moja katika viwanja vya Mwembeyanga, Dar es Salaam, juu ya mambo ya ufisadi, hasa ya Benki Kuu. Nchi ilitikisika. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema kweli hata kwa mtu wa kwao. Orodha ya majina inayosomwa mkutanoni ni dalili kwamba mlango wa kamati umefungwa. Tulishangilia majina, tukayakariri kama wachezaji wa mpira, lakini hatukudai utaratibu ambao ungefanya orodha kama ile isihitajike. Majina hupita na utaratibu hubaki.

Neno lililofunga mlango wa kamati ni "siri". Dk. Slaa na wenzake walipouliza juu ya Meremeta, kampuni ya dhahabu iliyohusishwa na Jeshi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kwamba hilo ni jambo la usalama wa taifa na hangeweza kulizungumza. Naheshimu siri ya vita. Askari wangapi wako mpakani, mzinga umeelekezwa wapi, ndege itaruka saa ngapi: mwananchi mwenye akili hataki kuyajua hayo, na akiyajua atayanyamazia. Lakini kuna siri ya pili inayojificha ndani ya ile ya kwanza, kama kupe ndani ya sikio la ng'ombe, nayo ni siri ya bei. Kiasi gani kimelipwa, amelipwa nani, dalali amepata ngapi: haya adui hayamsaidii kitu. Rada yenyewe ilisimama juu ya mnara ikizunguka mchana kweupe. Mtengenezaji wake aliitangaza kwa yeyote mwenye fedha. Bei yake ilijadiliwa waziwazi London, na adui yeyote angeweza kuisoma huko. Aliyefichwa alikuwa mlipaji.

Kwamba bei ikitajwa nchi haibomoki, ushahidi tunao. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kununua rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 67.3. Bei ilitangazwa, idadi ilitangazwa, na mahali zitakapofungwa palitangazwa. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule ni kama dola milioni 30 kwa rada nne. Sisemi rada ya kiraia na ya kijeshi ni kitu kimoja. Ya kiraia hutegemea sana kuiuliza ndege, nayo ndege ikajibu kwa chombo chake, na ya kijeshi sharti imwone hata asiyetaka kujibu. Lakini ile ya kwanza tuliambiwa ingefanya kazi zote mbili, na wataalamu wakasema ya kiraia haiifanyi vya kutosha. Mtu akiuziwa mbuzi ndani ya gunia, angalau awe na haki ya kutaja bei aliyotoa.

Jirani zetu nao wana yao. Uganda ilinunua helikopta za mitumba aina ya Mi-24 kutoka Belarus mwaka 1998, zikafika zikiwa hazifai, na ikabidi tume ya Jaji Julia Sebutinde ichunguze. Zaidi ya miaka kumi baadaye zikanunuliwa ndege za kivita za Sukhoi, katika ununuzi wa silaha uliotajwa kufika dola milioni 740. Fedha zilitoka Benki Kuu kwanza, Bunge likaja kuidhinisha baadaye. Bunge linaloidhinisha kilichokwisha lipwa ni kama kasisi anayeitwa kufungisha ndoa ya watu wenye wajukuu.

Wako watakaosema kwamba mwenye kuuliza bei ya silaha halipendi Jeshi. Mimi naona kinyume chake. Mwaka 2013 askari wetu walikuwa Goma katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopigana na M23, na Desemba mwaka huo ndipo Umoja huo ulipoanza kurusha huko ndege zisizo na rubani, hizi ambazo wengi wanaziita droni au ndege nyuki, ili kuona msituni kabla ya askari kutia mguu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kongo ya mashariki, ilishambuliwa usiku na tukapoteza askari wasiopungua 14 kwa mara moja. Miili yao ilirudi nyumbani, na kila mmoja alikuwa na mama. Shilingi inayoliwa na dalali ni kioo cha kuonea usiku, ni helikopta ya kubebea majeruhi, ni redio inayosikika. Helikopta iliyooza haimdhuru mwizi aliyeinunua, humuua rubani. Anayetaka kujua Jeshi limeuziwa nini, na kwa bei gani, ndiye mwenye kumjali askari.

Sisi wa Karatu na Ngorongoro tunaishi chini ya anga yenye shughuli nyingi. Ndege ndogo za watalii hushuka kila siku uwanja wa Manyara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kwenye ukingo wa Kreta pana kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, baada ya yeye na baba yake kuruka huku na huko wakihesabu wanyama wa Serengeti. Kuhesabu kutoka angani kulianza zamani huku. Na leo mtalii akija na droni ya kilo moja, kanuni za nchi zinamtaka awe na kibali, kikiwamo cha Wizara ya Ulinzi. Ataulizwa ni ya nani, ya nini, itaruka wapi. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Ombi langu ni kwamba yaulizwe pia juu ya mitambo inayonunuliwa kwa kodi yetu, kabla ya kusaini.

Tena kazi za Jeshi si za vita peke yake. Kuanzia 2022, wakazi wa Ngorongoro waliohamia Msomera, wilayani Handeni, walipewa nyumba zilizojengwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Sigusi hapa ubishi wa nani alihama kwa hiari na nani hakuhama kwa hiari. Huo una insha yake. Nasema tu kwamba nyumba ya vyumba vitatu si kombora. Bati, saruji na misumari havina siri ya kijeshi kwa sababu tu aliyevibeba amevaa magwanda. Tukizoea kunyamaza juu ya bei ya ndege, tutajikuta tumenyamaza na juu ya bei ya bati.

Na kunyamaza kunaambukiza. Mwaka 2019 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alipokuwa amesema kwamba kutofanyia kazi taarifa za ukaguzi ni udhaifu wa Bunge, Bunge lilimwita mbele ya kamati ya maadili, kisha likaazimia kutofanya naye kazi. Spika alikuwa yule yule aliyekwenda London kudai fedha za rada. Neno "dhaifu" lilikasirisha kuliko hoja zilizomo katika taarifa. Kwa mhakiki wa lugha hapo pana somo. Tunavumilia maneno yanayopunguza hasara, vijisenti na chenji, na tunaliadhibu neno linaloitaja.

Basi nini kifanyike? Sidai mikataba ya silaha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji. Nadai mambo matatu tu. Kwanza, kabla ya kusaini, bei na jina la muuzaji vifike mbele ya kamati ya Bunge, hata kama itakaa faragha na wajumbe wake wakiwa wameapa. Pili, malipo ya dalali katika ununuzi wa silaha yakatazwe, au yaandikwe wazi mkatabani kwa jina na kiasi. Tatu, Mkaguzi Mkuu awaambie wananchi kila mwaka jambo moja juu ya fedha za ulinzi: hesabu zimekaguliwa, na thamani ya fedha imeonekana au haikuonekana. Hapo hapana siri ya vita hata moja.

Na wewe, msomaji wa Rhotia, Endabash, Mbulumbulu au Endulen, mgombea akija kuomba kura usimwulize barabara na maji peke yake. Mwulize pia atafanya nini siku Waziri atakapomwambia kwamba bei ni siri. Akikujibu kwamba mambo ya Jeshi hayamhusu, mshukuru kwa ukweli wake, umpe chai, kisha kura yako umpe mwingine.